Vigasha Kwanza, Fimbo Baadaye

Wanangu, ninyi mnaobeba mifuko ya wachezaji wa gofu tangu alfajiri, na jioni mkaazima fimbo ili nanyi mjifunze, nina neno nanyi. Kabla hujaipandisha fimbo, teremsha macho uvitazame vigasha vyako. Kigasha ni hiki kipande cha mkono kilicho kati ya kiwiko na kifundo. Unavyo viwili, viko mbele ya uso wako, havikufunikwa na chochote. Nimesimama nyuma ya wapigaji wengi, wenye mali na wasio nayo, wazee wa kilabu na watoto wa shule, na mara nyingi nimejua mpira wa mtu utaelekea wapi kabla hajaupiga, kwa kuangalia vigasha tu. Hakuna uganga hapo. Ni jambo la kuonekana kwa macho, na kila mmoja wenu anaweza kulijua.

Mtaniuliza, mbona mwalimu fulani anasisitiza mabega? Anasema kweli. Mabega ndiyo yanayoipa fimbo njia. Mabega yakitazama kushoto kwa shabaha, fimbo itapita kuelekea kushoto, upende usipende. Lakini wewe uliyeinama juu ya mpira huyaoni mabega yako. Unayahisi tu, na mazoea hugeuza hisia: mtu aliyesimama kombo kwa miaka mitatu huhisi kwamba amenyooka, na siku akinyooka kweli huhisi kombo. Vigasha unaviona. Vimeungana na mabega kwa mfupa na misuli, na bega likisogea mbele, kigasha chake hufuata. Basi ukitaka kujua mabega yako yamelala vipi, jibu liko mbele ya macho yako.

Niwaeleze shida inatoka wapi, kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Kiganja cha kulia kinashika mpini chini ya kiganja cha kushoto. Maana yake mkono wa kulia unatakiwa kufika mbali kuliko mwenzake, na mikono yetu Mungu ameiumba kwa urefu mmoja. Kuna njia mbili za kufika huko. Ya kwanza ni kuliteremsha bega la kulia kidogo, likae chini ya la kushoto, na kiwiko cha kulia kikakunjika kidogo kuelekea nyonga. Ya pili ni kulisukuma bega la kulia mbele, kwenye mpira, na kuunyoosha mkono wote. Mwili ukiachiwa uchague, huchagua ya pili. Mkono wa kulia ndio uliozoea nyundo, panga na jembe, na mkono wenye nguvu hupenda kutangulia. Bega linatoka mbele, kigasha cha kulia kinapanda juu ya cha kushoto, kifua kinageukia kushoto, na mpigaji hana habari. Miguu yake imepangwa sawasawa kuelekea bendera ya shimo. Akiangalia vidole vya miguu anaridhika.

Fimbo ikishuka kutoka kwenye mabega ya namna hiyo hutokea nje, upande wa mpira, na kukata kuja ndani. Mpira huanza safari kwa kufuata zaidi uso wa fimbo ulikoelekea wakati wa kugusana, kisha hupinda kwa kadiri uso na njia ya fimbo vilivyotofautiana. Njia ikienda kushoto na uso ukabaki wazi, mpira unapinda kulia, unaendelea kupinda, unapotelea vichakani. Hiyo ndiyo slaisi. Na wengi wanaosumbuliwa nayo huizidisha kwa mikono yao wenyewe. Wanaona mpira umekwenda kulia, basi shimo linalofuata wanalenga kushoto zaidi. Kulenga kushoto kunafungua mabega zaidi, mabega yanaitupa fimbo nje zaidi, na mpira unapinda kuliko jana.

Kuna kijana mmoja, kedi, yaani mbeba mifuko kama ninyi, huvuka kwa feri kutoka Likoni kila siku akiwahi zamu. Nilimkuta jioni akipiga kwa fimbo namba saba, na mipira yake yote ilikuwa inaishia upande mmoja. Wenzake walikuwa wamemzunguka, kila mmoja na dawa yake. Huyu anasema funga uso wa fimbo, yule anasema geuza mikono haraka, mwingine anasema sogeza mpira nyuma. Nikawaomba wanyamaze. Nikamwambia asimame kama anavyosimama kila siku, asipige. Nikachukua fimbo nyingine nikailaza juu ya vigasha vyake viwili, karibu na viwiko.

"Unalenga wapi?" nikamuuliza.

"Bendera, mzee."

"Na fimbo hii inaelekea wapi?"

Akageuza shingo taratibu. Fimbo ilikuwa inaelekea kwenye mbuyu, mbali sana kushoto kwa bendera. Hakusema kitu. Nikamwambia usiguse miguu, usibadili mshiko, legeza kiwiko cha kulia peke yake. Kiwiko kikashuka, sehemu ya ndani ya mkono ikatazama juu kidogo, bega likarudi nyuma, na ile fimbo niliyoilaza ikajizungusha yenyewe mpaka ikawa sambamba na vidole vya miguu yake. Kila aliyekuwepo aliiona ikizunguka.

Yeye hakufurahi. "Mzee, sasa naona kama nimelenga kulia kabisa." Nikamwambia piga hivyo hivyo. Mpira wa kwanza akachimba ardhi, kwa sababu mwili ulijaribu kurudi ulikozoea. Wa pili ukaruka chini. Wa tatu ukatoka umenyooka na kushuka kwa kupinda kidogo sana kushoto, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ajue kushika fimbo. Wenzake wakapiga kelele. Nami nikamwambia apige tena, na tena, na kabla ya kila mpira aniambie kigasha gani kiko juu.

Nataka mlielewe jambo hili kwa undani, kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Fimbo kushuka kutoka juu hadi kwenye mpira huchukua kama robo ya sekunde. Katika robo ya sekunde hakuna binadamu anayewaza, akaamua, kisha akarekebisha. Wale vijana waliokuwa wakimwambia mwenzao ageuze mikono haraka walikuwa wakimtaka afanye kazi pasipo na nafasi ya kuifanya. Siku mikono yake ikiwahi, mpira utanyooka. Siku ikichelewa, utapotea. Na hatajua siku gani ni ipi. Lakini kabla fimbo haijaondoka, una muda wote unaoutaka. Umesimama, mpira umetulia, hakuna anayekukimbiza. Hapo ndipo pa kufanyia kazi ya kunyoosha, na chombo cha kunyooshea unacho mwilini.

Sheria za gofu zenyewe zinakurudisha huko huko. Kwenye uwanja wa mazoezi laza fimbo chini kadiri utakavyo, zikuoneshe mstari wa miguu na mstari wa mpira. Ukishaingia kwenye raundi, kulaza fimbo au kitu kingine chini ili kikusaidie kulenga au kupanga mkao ni kosa, na kukiondoa kabla ya kupiga hakukuokoi: ni adhabu ya mapigo mawili, au kulipoteza shimo kama mnacheza mtu kwa mtu. Na tangu mwaka 2019 kedi haruhusiwi kusimama nyuma ya mpira, kwenye ule mstari wa shabaha, tangu mchezaji wake anapoanza kuchukua mkao mpaka apige. Zamani tulikuwa tunasimama hapo tukisema, "Kulia kidogo, bwana, hapo hapo." Sasa haifai, nanyi mnaobeba mifuko mlikumbuke sana hilo msije mkamgharimu mtu mapigo. Lakini hakuna sheria inayomkataza mchezaji kutazama mikono yake mwenyewe.

Basi atazame nini? Ukiwa umesimama na kushika fimbo, shuka kwa macho kutoka kwenye viwiko hadi kwenye vifundo. Kigasha cha kulia kiwe sawa na cha kushoto, au kikae karibu na mwili wako kidogo kuliko cha kushoto. Kisitangulie kwenda kwenye mpira. Kiwiko cha kulia kiwe laini, kisikakamae. Mwenzako akisimama nyuma yako kwenye uwanja wa mazoezi, akitazama shabaha kupitia mikono yako, aone kigasha cha kushoto kikichungulia kidogo juu ya cha kulia, au avione vyote viwili vimepangana. Akiona cha kulia kimepanda juu na cha kushoto kimejificha chini yake, akwambie.

Simu nazo zinasaidia, ila nawaona mnaziweka vibaya kisha mnajihukumu kwa picha ya uongo. Ukiitaka picha ya nyuma, iweke simu kwenye kimo cha mikono yako, ielekee kwenye mikono, sambamba na mstari wa shabaha. Ukiisogeza ikawa nyuma ya mpira, au ukaipeleka nyuma ya visigino, njia ya fimbo itaonekana tofauti na ilivyo, na utaanza kutibu kidonda usichokuwa nacho. Na msimwombe rafiki ashike simu kwa mkono. Iegemezeni kwenye mfuko, isitikisike, na kila siku mahali pale pale, ili picha ya leo iweze kulinganishwa na ya wiki ijayo.

Anayepiga kwa mkono wa kushoto ageuze yote niliyoyasema, kulia kuwe kushoto. Mantiki haibadiliki.

Mpaka hapa nimesema habari ya kusimama. Vigasha vinaendelea na kazi fimbo ikiwa hewani, na hapo pana mambo mawili tu ninayotaka mwanafunzi ayajue mapema. La kwanza ni juu kabisa, fimbo ikiwa imefika mwisho wa kupanda. Mmewaona watu wanaopitisha masinia ya pilau harusini, sinia limekaa juu ya kiganja, kiwiko kimeelekea chini, mkono umesimama chini ya mzigo. Kigasha cha kulia kiwe hivyo, kiwe sambamba na uti wa mgongo wako. Kiwiko kikiruka nyuma ya mgongo, sinia lingemwagika, na fimbo nayo inapotea njia yake ya kurudi.

La pili ni wakati wa kugusa mpira. Homer Kelley, mtu wa Seattle kule Marekani, alitoa kitabu mwaka 1969 kinachoitwa The Golfing Machine. Ni kitabu kigumu, kimejaa maneno ya wahandisi, na siwashauri mkianze kabla hamjapiga mipira kwa miaka. Lakini ndani yake mna jambo la dhahabu: ukimtazama mpigaji kutoka nyuma wakati fimbo inapogusa mpira, kigasha cha kulia na mpini viwe kwenye mstari mmoja, kimoja nyuma ya kingine, ili nguvu ya mwili ipite moja kwa moja bila kukatika kwenye kifundo. Bryson DeChambeau, aliyechukua ubingwa wa wazi wa Marekani mwaka 2020 na tena 2024, alilelewa na kitabu hicho. Na kabla yake alikuwepo Moe Norman wa Kanada, bingwa wa ridhaa wa nchi yake mwaka 1955 na 1956, ambaye alikuwa akiupanga ule mstari tangu anaposimama: mikono ameinyoosha, kigasha na fimbo ni kitu kimoja. Watu walimcheka kwa mkao wake. Mpira wake ulikuwa ukinyooka kiasi kwamba wachezaji wakubwa waliacha mazoezi yao kwenda kumtazama.

Ben Hogan mtamsikia akitajwa kila mahali, na ni haki yake. Alizaliwa Texas mwaka 1912, akaanza kama ninyi, kedi mdogo huko Fort Worth. Kwa miaka mingi shida yake ilikuwa kinyume cha slaisi. Mpira wake ulikuwa ukipinda kushoto kwa nguvu, kwa sababu vigasha vilijigeuza mno na kuufunga uso wa fimbo. Ndani ya kigasha mna mifupa miwili, na mmoja huzunguka juu ya mwenzake. Huko ndiko uso wa fimbo unakofungukia na kufungikia. Hogan alikaa miaka akichunguza mzunguko huo. Mwaka 1949 basi liligongana na gari lake uso kwa uso, madaktari wakawa na shaka kama atatembea tena, na mwaka uliofuata akashinda ubingwa wa wazi wa Marekani pale Merion. Kitabu chake cha 1957, Five Lessons, kina michoro ya Anthony Ravielli, na mmojawapo unaonesha mikono miwili imefungwa pamoja tangu viwiko hadi vifundo, ikae kama chombo kimoja. Viwiko alitaka vikaribiane, kila kimoja kielekee kwenye mfupa wa nyonga wa upande wake.

Jambo hilo mnaweza kulifanyia zoezi bila kununua chochote. Chukua kipande cha leso kuukuu, mwenzako akufunge juu kidogo ya viwiko, pasibane. Piga mipira ya nusu nguvu, fimbo isipande zaidi ya kiuno. Ukihisi leso inavutwa, ujue mikono inaachana. Fanya hivyo kwenye mazoezi tu. Kwenye raundi vifaa vya kujifunzia kupiga haviruhusiwi.

Sasa niwape habari ya Calvin Peete, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu napenda kila mtoto anayebeba mfuko amjue mtu huyu. Alizaliwa Detroit mwaka 1943, Mmarekani mweusi, akakulia Pahokee huko Florida, nchi ya mashamba. Shule aliiacha mapema. Maisha yake ya ujana yalikuwa kuwafuata vibarua wa mashambani kutoka jimbo hadi jimbo akiwauzia nguo na mapambo kutoka kwenye gari lake. Utotoni alianguka mtini akavunjika kiwiko cha kushoto, na kiwiko kile hakikunyooka tena maisha yake yote. Gofu hakuigusa mpaka alipokuwa na miaka 23.

Kila mwanafunzi wa gofu, popote duniani, huambiwa siku ya kwanza: nyoosha mkono wa kushoto. Peete hakuweza kuunyoosha hata angetaka. Kwa kanuni ile alikuwa hana haki ya kuwa mchezaji. Akaingia kwenye mashindano ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani mwaka 1975, akashinda mara ya kwanza mwaka 1979, na alipomaliza alikuwa na ushindi 12, mmojawapo ukiwa wa Players Championship ya mwaka 1985. Aliichezea Marekani kwenye shindano la timu la Ryder Cup mara mbili. Na sikilizeni hili: tangu 1981 hadi 1990, miaka kumi mfululizo, hakuna mtu katika mashindano yale aliyempita kwa kuuweka mpira wa kwanza wa shimo kwenye njia ya majani mafupi. Watu wenye mikono iliyonyooka kama rula walikuwa nyuma yake kila mwaka kwa miaka kumi.

Kwa nini? Mimi nina hukumu yangu, nami naisema kama mtu aliyetazama mikono muda mrefu. Kiwiko chake kilikuwa na pembe moja. Kigasha chake cha kushoto kilikaa mahali pamoja leo, kesho na mwezi ujao, na yeye akaupanga mwili wake wote kukizunguka. Wenye mikono mizima wana viungo vingi vya kuhangaika navyo. Leo kiwiko kimenyooka sana, kesho kimelegea, na hawajui. Alichokuwa nacho Peete ni uhusiano usiobadilika kati ya mkono na fimbo. Huo ndio mpangilio ninaousema. Mkono ulionyooka ni njia moja tu ya kuupata.

Kwa hiyo msiwaige watu kwenye picha za simu mpaka mkajiumiza. Kila mtu ana mifupa yake. Simama wima, iachie mikono ining'inie, geuza viganja vitazame mbele, uone vigasha vyako vinavyojitenga na mwili kuanzia kwenye kiwiko. Kwa wengine pembe ile ni ndogo, kwa wengine ni kubwa, na kwa wanawake kwa kawaida ni kubwa kuliko kwa wanaume. Nawasemea mabinti zangu hasa, maana wapo wanaofundishwa na kaka zao na kulazimishwa kukaza kiwiko kiwe kama cha kaka. Binti asimkubalie. Akae na pembe yake aliyopewa, kisha ahakikishe kwamba vigasha vyake viwili vinalala sambamba na shabaha. Hicho ndicho kinachopimwa.

Kuna jambo la mshiko ambalo sisi wa pwani linatuhusu kuliko watu wa bara. Kusi ikivuma kutoka baharini, mtu hukaza mikono bila kujijua. Anahofia mpira utachukuliwa, basi anashika mpini kwa nguvu zote, na ukikaza kiganja umekaza kigasha, kwa kuwa misuli inayofunga vidole iko kwenye kigasha. Hebu kunja ngumi sasa hivi, ushike kigasha kwa mkono wa pili; utaihisi misuli ikituna. Kigasha kilichotuna hivyo hakizunguki vizuri, uso wa fimbo unachelewa kufunga, na mpira unaingia kwenye upepo huku unapinda kulia. Upepo ukitokea kushoto, utaufuata kwa macho tu. Siku za kusi shikeni laini kuliko siku za utulivu, chukueni fimbo yenye nguvu zaidi, mpige taratibu. Na mwenye kukaza kila siku atakuja kuumwa upande wa ndani wa kiwiko, pale kano za misuli hiyo zinaposhikia mfupa. Maumivu hayo yakianza, pumzika. Nimeona vijana wakiyapuuza kwa sababu walitaka kucheza shindano la wiki ile, wakakaa nje miezi mingi.

Nanyi mnaobeba mifuko, mtakapokuwa mmeijua elimu hii, mtayaona makosa ya wateja wenu kuanzia tii ya kwanza. Mtaona kigasha cha kulia kimepanda, mtajua mpira unakwenda wapi, na ulimi utawawasha. Nawasihi mtulie. Sheria inamruhusu kedi kumshauri mchezaji wake, na ni yeye pekee anayeruhusiwa, pamoja na mshirika wa mchezaji huyo wakicheza wawili upande mmoja na kedi wa mshirika huyo. Lakini ruhusa si amri. Mtu aliyetoka kazini akaja kupumzika hataki kusikia habari ya kiwiko kwenye shimo la nne. Mpe umbali, mpe upepo, mpe mteremko wa grini. Akikuuliza mwenyewe, "Naharibu wapi?", mjibu kwa jambo moja: "Bwana, legeza kiwiko cha kulia kabla hujaanza." Usimpe mambo matatu. Na usimwambie mbele ya wenzake. Mpira ukinyooka, usidai sifa. Mteja mwenye akili atakuita kesho kwa jina lako.

Wanaopata nafasi ya kwenda Nairobi wakati wa Kenya Open, mashindano yaliyoanza mwaka 1967 na ambayo Seve Ballesteros aliyashinda mwaka 1978 kabla dunia nzima haijamkubali, wasikimbilie kwenye mashimo kutazama mipira ikiruka. Mpira ukiwa hewani, kazi imekwisha. Nenda asubuhi mapema kwenye uwanja wa mazoezi, kabla kamba hazijajaa watu, utafute mahali pa nyuma yao. Utaona warefu na wafupi, wanaosimama karibu na mpira na wanaosimama mbali, wenye kupandisha fimbo wima na wenye kuizungusha kiunoni. Usishughulike na hayo. Chagua mmoja, tazama vigasha vyake anaposimama, kisha tazama anavyosimama kwenye mpira unaofuata, na unaofuata. Mkishatazama wachezaji watano kwa utulivu namna hiyo, rudini mnieleze mlichokiona kikifanana kwa wote.